Chama cha Heshima cha Wanafunzi Wageni

Wasikilizaji wangu, leo napenda kuwaelezeni habari za chama kimoja cha wenye elimu huko Marekani, kiitwacho Phi Beta Delta. Jina lake ni herufi tatu za Kiyunani. Desturi ya kuviita vyama kwa herufi hizo ni ya zamani kuliko chama chenyewe, basi hatuna budi kuanzia huko.

Tarehe 5 Desemba, 1776, miezi mitano baada ya Wamarekani kutangaza kwamba hawamtii tena Mfalme wa Uingereza, wanafunzi watano wa chuo cha William and Mary, mjini Williamsburg, waliunda chama cha siri wakakiita Phi Beta Kappa. Herufi hizo ni mianzo ya maneno yenye maana kwamba kupenda hekima ndiko kuongozako maisha. Vita vilipoukaribia mji ule mwaka wa 1781, chama kilifungwa. Lakini walikuwa wamekwisha toa hati za kuanzisha matawi katika vyuo vya Yale na Harvard. Shina likakauka, matawi yakaishi. Hata leo vyama vya namna hii huenea hivyo: kila chuo na tawi lake, na tawi lenyewe ndilo lichagualo walio bora.

Je, aliye bora ni nani? Hapo ndipo penye ugumu. Karibu miaka mia ilipita asichaguliwe mwanamke hata mmoja. Tawi la Chuo Kikuu cha Vermont liliwachagua wanawake wawili mwaka wa 1875, na mwaka wa 1877 likamchagua George Washington Henderson, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani katika Virginia. Mlango ulifunguliwa polepole mno.

Mwanafunzi mgeni naye ana shida yake. Mimi ni mwalimu, nami najua kwamba karatasi ya mtihani haionyeshi kuwa kijana alilisoma swali mara mbili, kwanza kwa lugha ya chuo, kisha moyoni kwa lugha ya mama yake. Alama huhesabu jibu tu, safari haihesabiwi.

Mwaka wa 1986, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichoko Long Beach, ndipo kilipoanzishwa Phi Beta Delta, ili kuwaheshimu waliofanya vema katika elimu ivukayo mipaka ya nchi. Hakikuwekwa kwa wageni peke yao, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo busara yake, kwani chama cha wageni watupu kingekuwa ua mwingine wa kuwatenga. Mwanafunzi aliyetoka ng'ambo huingia, na mwenyeji aliyekwenda kusoma ugenini huingia, pamoja na walimu na watumishi wa chuo wenye kuishughulikia kazi hiyo. Kuchaguliwa hakumpunguzii mtu masomo. Lakini humweka mgeni na mwenyeji katika daraja moja. Mwito wao, kwa Kilatini, husema juu ya ujuzi ambao ulimwengu unashirikiana.

Mwaka wa 1987 kikawa chama cha nchi nzima, chenye matawi 38. Tawi la Long Beach, kwa kuwa la kwanza, huitwa Alfa, na mengine yakafuata kwa herufi zao. Herufi za Kiyunani ni 24 tu. Zilipokwisha, wakaziunga mbili mbili: Alfa Alfa, Alfa Beta, na kuendelea.