Beetle Inapogoma Alfajiri

Je, wajua kwamba petroli ikiwa maji haiungui? Kinachoungua ni mvuke wake, tena mpaka uchanganyike na hewa kwa kipimo. Ndiyo maana petroli iliyotapakaa ndani ya silinda kwa hali ya maji haiwashi gari. Kazi yake ni kulowanisha plagi tu. Na petroli yenyewe si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi: vyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, vizito hungoja mpaka karibu nyuzi 200. Sasa fikiria alfajiri ya Julai, Njombe au Limuru, ukungu umelala juu ya boneti. Injini nzima imepoa hadi nyuzi nane au tisa. Vile vyepesi vitatoa mvuke, vizito vitabaki matone na kuganda kwenye kuta za bomba la kuingizia hewa. Kati ya petroli yote iliyotoka kwenye kabureta, sehemu ndogo tu itafika kwenye plagi ikiwa tayari kuwaka.

Injini iliyopata moto huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Injini baridi, wakati stata inazungusha, inaweza kuhitaji kilo moja ya petroli kwa kilo mbili au tatu tu za hewa. Si kwamba itaunguza petroli yote hiyo. Inamwagiwa nyingi ili kile kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe.

Kabureta haijui lolote kuhusu baridi. Inachojua ni upepo. Pistoni zikishuka huvuta hewa, hewa hupita kwenye koo jembamba na kuongeza mwendo, na palipo na mwendo mkubwa shinikizo hupungua. Mwitalia Giovanni Battista Venturi aliandika habari za jambo hilo mwaka 1797, akichunguza maji wala si magari. Shinikizo likipungua, petroli hufyonzwa kutoka kwenye bakuli dogo la pembeni kupitia tundu la jeti na kutoka kama manyunyu. Bakuli hujijaza lenyewe: floti ikishuka na petroli sindano hufunguka, ikipanda sindano hufunga, sawasawa na tangi la choo cha kuflashi. Ni kifaa cha busara kubwa, lakini hakina ngozi ya kuhisi asubuhi.

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa hata na manyunyu hayo. Bertha Benz alipoondoka Mannheim kwenda Pforzheim Agosti 1888, safari ya kilomita zipatazo 104, gari la mumewe lilipitisha hewa juu ya petroli na kuokota mvuke uliopanda wenyewe. Njiani mrija wa mafuta uliziba, na mama huyo akauzibua kwa pini ya kofia yake. Mpaka leo sehemu kubwa ya ufundi wa kabureta ni hiyohiyo, kutafuta mahali palipoziba. Kabureta ya kunyunyiza, yenye floti, ilikuja mwaka 1893, ikibuniwa karibu wakati mmoja na Donát Bánki na János Csonka huko Hungaria na Wilhelm Maybach huko Ujerumani.

Hisia ya baridi ilibidi iongezwe kutoka nje, na nyongeza hiyo ndiyo choki. Katika magari mengi ni kibati cha mviringo kinachoziba mdomo wa juu wa kabureta. Kikiziba, hewa hupungua, mvuto ndani ya koo huzidi, petroli hutoka kwa wingi. Kwenye Land Rover nyingi za zamani dereva mwenyewe huvuta kitufe cha choki kwenye dashibodi, na kama ana sikio zuri hukirudisha polepole injini inapopata joto. Volkswagen Beetle nayo ilianza hivyo, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 kabureta yake ya Solex ikapewa choki inayojiendesha. Nitaing'ang'ania Beetle hapa, kwa sababu gari hili lilitengenezwa zaidi ya milioni 21, likashinda Safari Rally mara kadhaa, ikiwemo mwaka 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad, na bado lipo kwenye nyua za watu wasiotaka kuliuza. Tena ugonjwa wake wa asubuhi unafundisha karibu kila kitu kuhusu kabureta.

Ukiitazama kabureta hiyo kutoka pembeni utaona kikopo cha mviringo chenye waya mmoja, kimebanwa kwa pete na skrubu tatu. Ndani yake mna springi iliyosokotwa, iliyounganishwa kwa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Ikiwa baridi hujikaza na kusukuma kibati cha choki kifunge. Ukiwasha ufunguo, umeme hupita kwenye kiini cha kupasha joto, springi hulegea taratibu, na baada ya dakika mbili tatu kibati husimama wima, njia ya hewa iko wazi. Injini ya Beetle haina maji ya rejeta ambayo yangeweza kuipasha springi hiyo, ndiyo maana ikapewa umeme.

Kasoro ya kwanza, ambayo mafundi wengi hawaitazami, iko kwenye mguu wa dereva. Kibati hakiwezi kufunga mpaka kanyagio la mafuta likanyagwe hadi chini mara moja na kuachiwa. Hapo ndipo mkono wa silensa, yaani wa mngurumo wa injini isiyokanyagwa mafuta, huinuka kwenye ngazi yake ndogo na springi hupata nafasi ya kusukuma. Kisha unageuza ufunguo bila kugusa kanyagio. Anayegeuza ufunguo tu amewasha gari bila choki. Anayepampu mara kumi, kama tulivyofunzwa wengi, anamwaga petroli kwa pampu ndogo ya eksileta mpaka plagi zilowe. Na yule anayewasha ufunguo akasikiliza taarifa ya habari kwanza ndipo apige stata, ameipasha joto springi huku injini ikiwa barafu.

Plagi zikishalowa, harufu ya petroli itakwambia. Kanyaga hadi chini, shikilia hapo bila kupampu, kisha zungusha stata kwa sekunde chache. Kibati cha chini, kile kinachofunguliwa na kanyagio, kikiwa wazi kabisa, mvuto kwenye jeti hupungua na hewa nyingi hukausha silinda. Sehemu za juu ugonjwa huu huja upesi zaidi: kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya Mombasa au Dar es Salaam hutoa petroli kupita kiasi ikifika huko.

Tuseme mguu hauna kosa. Fungua ea klina, chungulia ndani ya koo injini ikiwa imezimwa, na kwa mkono vuta waya wa eksileta. Unapaswa kuona mshale mwembamba wa petroli ukiruka kutoka kwenye kijibomba cha shaba, safi, bila kusitasita. Ukiuona, bakuli lina petroli na pampu ya eksileta ni nzima. Usipouona, na gari limesimama wiki tatu, kuna uwezekano bakuli limekauka. Petroli huvukia, na vinavyotangulia kuondoka ni vile vyepesi vinavyohitajika asubuhi. Vinavyobaki ni vile vizito visivyowaka vizuri, na mwishowe utando wa kahawia unaoziba jeti. Pampu ya mafuta ya Beetle huendeshwa na injini yenyewe, kwa hiyo stata itazunguka muda mrefu kabla bakuli halijajaa. Wapo wanaomimina petroli kooni kwa kifuniko cha chupa. Inasaidia, ila petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na injini ikirudisha moto kupitia kabureta mtu huweza kupoteza nyusi, au gari zima. Vumilia stata, uipumzishe katikati.

Jaribu choki nayo. Injini ikiwa baridi, kanyaga mara moja, kisha tazama: kibati kimefunga? Washa ufunguo bila stata, gusa kanyagio mara mbili tatu, uone kama kinafunguka pole pole. Usiuache ufunguo hivyo muda mrefu, koili hupata joto bure. Kisipofunga, legeza zile skrubu tatu, zungusha kikopo kidogo mpaka alama zake zikutane. Kisipofunguka, waya umekatika au kiini kimeungua, na gari litawaka vizuri kisha likohoe moshi mweusi. Angalia pia volti zilizoandikwa. Beetle za awali zilikuwa za volti 6, na kiini cha volti 6 kwenye umeme wa volti 12 hufungua choki kabla injini haijapata joto. Waya huohuo hulisha na valvu ndogo ya umeme ya jeti ya silensa. Ukichomoka, gari halikai kwenye silensa hata kidogo, na kabureta husingiziwa.

Husingiziwa mengi, kusema kweli. Baridi hupunguza nguvu ya betri na kufanya oili kuwa nzito. Stata ikinyonya umeme mwingi, koili hubaki na kidogo, na moto wa plagi hufifia saa ileile unapohitajika zaidi. Pointi zilizoungua, au pengo lake lisilo karibu na milimita 0.4, huonekana kwanza asubuhi. Kwenye baadhi ya magari mengine ya enzi hizo, yenye kizuizi cha umeme kabla ya koili, gari hugoma stata ikizunguka kisha huwaka pale tu unapoachia ufunguo. Hapo tafuta waya unaopaswa kukiruka kizuizi hicho wakati wa stata, usiguse kabureta.

Halafu kuna hewa ya wizi. Vumbi la barabara zetu hula shimo la mhimili wa kibati cha chini, na gasketi ya chini ya kabureta hukauka. Hewa inayoingia hapo haijapita kwenye koo, kwa hiyo haikuvuta petroli. Injini ikiwa inawaka, nyunyiza maji kidogo kuzunguka maungio. Mlio ukibadilika, umepata tundu.

Gari likiwaka na kukohoa kila unapoongeza mafuta kwa kilomita za mwanzo, shika bomba la kuingizia hewa chini ya kabureta. Petroli inapovukia hunyang'anya joto, na Volkswagen waliweka kijibomba cha moshi wa eksoso sambamba na bomba hilo ili kulirudishia. Kijibomba hicho huziba kwa masizi. Siku ya ukungu utakuta bomba limevaa umande, pengine barafu nyeupe, wakati injini pembeni inachoma mkono.

Kuna ugonjwa mmoja zaidi unaojifanya kabureta: gari hugoma likiwa baridi, hutetemeka, kisha likipata moto linakuwa zima kabisa. Katika injini ya Beetle pengo la valvu, milimita 0.15 kwa nyingi zake, hupimwa injini ikiwa imepoa, na huongezeka inapopata joto. Likiisha kwa kuchakaa, valvu haifungi sawasawa asubuhi, mgandamizo huvuja, na saa moja baadaye hakuna dalili. Silinda namba 3, ambayo kwenye nyingi zake hupata hewa iliyokwisha kupita kwenye kipoza oili, ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kwa hiyo fundi akisema, "Mzee, kabureta imekufa, tununue nyingine," mwombe kwanza afungue vifuniko viwili vya valvu kabla ya kuwasha gari. Ni klipu mbili za waya na gasketi za bei nafuu.