Mlima Mmoja, Wakuu Watatu

Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya soko kule Nyamukubi, mvua kubwa ilinyesha katika teritware ya Kalehe. Mito ilifurika, mawe na matope yalishuka toka mlimani, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilifunikwa, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mwaka 2014 pia maji yaliua watu katika teritware ile ile. Mvua haitokani na wanadamu. Lakini mteremko usio na miti, unaolimwa toka juu mpaka chini, ni kazi yao. Basi wengi wameuliza: nani alipaswa kuulinda mlima ule, Kinshasa au Bukavu? Tujaribu kujibu, maana padri wa kesho ataulizwa jambo hili na wakulima wake.

I. Katiba yasema nini

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inagawanya kazi mafungu matatu. Kifungu cha 202 kinaiachia serkali ya inchi nzima sheria za ardhi, za migodi, za maji na misitu. Kifungu cha 204 kinalipa jimbo kazi ya kutengeneza mipango ya kilimo na misitu na kuitimiza, lakini kwa kufuata mpango wa inchi nzima. Kifungu cha 203 kinaweka ulinzi wa mazingira kati ya kazi za wote wawili. Tena kifungu cha 205 chasema: jimbo likitunga sheria inayopingana na ile ya inchi, sheria ya jimbo si kitu.

Tutoe mfano. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, inasimamiwa na ICCN, shirika la serkali ya inchi. Lakini watu wanaoizunguka ni wakulima, na kilimo chao ni kazi ya jimbo. Mlinzi akimkataza mtu kulima msituni, naye agronomo asimwonyeshe namna ya kupata mavuno zaidi katika shamba lake dogo, mtu yule atarudi msituni usiku. Katazo la mmoja halifai kitu bila msaada wa mwingine.

Ndiyo maana Papa Pio XI alifundisha, mwaka 1931, kwamba mkubwa asimnyang’anye mdogo kazi anayoweza kuifanya mwenyewe. Lakini tuangalie: mkubwa asimwache mdogo mikono mitupu.

II. Mambo yanayoharibu umoja huo

Kwanza, pesa. Kifungu cha 175 kinalipa jimbo sehemu 40 kwa mia za mapato ya serkali ya inchi, nalo lizishike pale pale zinapokusanywa. Kwa desturi, pesa zilikwenda kwanza Kinshasa, zikarudi zimepunguka na zimechelewa. Agronomo asiye na mshahara wala pikipiki hapandi mlimani.

Pili, mashauri. Kifungu cha 200 kinaagiza magavana wote wakutane walau mara mbili kwa mwaka, wapatanishe mipango yao na ile ya inchi. Wamekutana mara chache tu.

Tatu, ardhi. Hapa yuko mkuu wa tatu, naye ni mwami. Sheria ya 1973 yasema udongo wote ni mali ya serkali. Lakini katika Bushi na Buhavu mtu hupata shamba kwa kalinzi, yaani kwa kutoa ng’ombe au mali nyingine mbele ya mwenye mlima. Asiyeweza huomba bwasa, shamba la muda mfupi. Mwenye bwasa hapandi mgomba wala mti, maana ni mimea ya mwenye shamba. Basi gavana akimgawia miche, ataipanda wapi?

III. Tufanye nini

Wakati wa Wabelgiji watu walilazimishwa kuchimba mitaro na kupanda majani ya kuzuia udongo. Kazi ilikuwa njema, lakini ilikuja pamoja na adhabu. Baada ya 1960 wengi waliiacha. Tujifunze hapo: amri peke yake haishiki udongo.

Sheria ya kilimo ya tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka 2011 inataka mabaraza ya mashauri, ambamo wakulima wanakaa pamoja na watu wa serkali. Katika baraza la namna hiyo mwami aweza kuahidi kwamba mwenye bwasa atakayepanda miti hatafukuzwa. Jimbo laweza kuleta miche na agronomo. Kinshasa yaweza kuandika ahadi ile katika karatasi zake. Kila mmoja atoa kile alicho nacho yeye tu.

Watu watasema: mwezi wa pili 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23, serkali ya jimbo ikahamia Uvira, mashauri gani tena? Ni kweli, vita ilizidisha shida. Lakini msimu wa mvua hauingoji amani. Watu wa mlima mmoja, na mwami wao, waweza kuanza leo kuacha ukingo wa mto bila kulima na kupanda majani katika mteremko. Hata hivyo, wasiwaachilie wakuu wengine wawili deni lao: wadai agronomo kwa jimbo, na wadai haki ya shamba kwa serkali ya inchi. Padri anayejua vifungu hivi atawasaidia kugonga mlango unaofaa.