Maelezo ya seva bila namba ya toleo ni mtego



Watu wananiuliza mara nyingi kazi yangu iko ya ginsi gani. Nashughulika na seva za barua pepe. Kando ya hiyo, kila wiki natoa saa chache kwa kurekebisha maelezo ya programu huria za barua, yaani zile programu zenye kodi yake iko wazi kwa kila mtu. Wengine wanacheka: “Umesoma informatike miaka yote ile, leo unasahihisha maandiko?” Basi leo nieleze kwa nini hiyo kazi haiko ya mchezo, na kwa nini mmoja kati yenu anaweza kuianza wiki hii hii.

Tuanze na programu zenyewe. Ukituma barua pepe kutoka Bukavu kwenda Kinshasa au Brussels, kuko programu mbili tatu katikati zenye zinaifanyia kazi. Postfix iliandikwa na Wietse Venema alipokuwa mtafiti wa IBM huko Marekani, ikatolewa kwa watu wote mwaka 1998. Exim ilianzishwa na Philip Hazel kwenye Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1995. Hizo mbili zinasukuma barua kutoka seva moja kwenda nyingine. Ya tatu ni Dovecot ya Timo Sirainen, mtu wa Finland, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Hiyo inalinda sanduku lako la barua na kukupa ujumbe unapofungua simu. Zote tatu hazilipishwi, na mashirika mengi yanazitumia bila hata kujua majina yao.

Sasa, hizi programu hazina vitufe vizuri vya kubonyeza. Unaziongoza kwa kuandika mistari ndani ya faili. Kwa Postfix, faili kubwa inaitwa main.cf. Kila mstari una jina la parameta na thamani yake, na parameta zenyewe ni mamia. Hakuna mtu anayeweza kuzishika zote kichwani. Njo maana kuko kitabu cha marejeo: kinachukua kila parameta, moja moja, na kusema inafanya nini.

Hapa tutofautishe vitu viwili vyenye watu wanachanganya. Kuko makala ya kukuongoza hatua kwa hatua, na kuko marejeo. Makala ni kama mtu anayekuambia: ukitoka Kadutu kwenda Nyawera, pita hapa, kata kuume, utaona duka. Marejeo ni ramani ya mji. Kama barabara imefungwa, yule wa maelekezo hawezi kukusaidia tena, juu ya yeye alikuambia njia moja tu. Mwenye ramani anatafuta njia nyingine. Lakini ramani yenyewe inafaa kama kuna mtu anayeichora upya kila mara barabara zinapobadilika. Yule mtu njo huyu mnayemcheka.

Niwape mfano mmoja. Postfix inapaswa kujua ni mashine gani inaziamini, zile zenye ruhusa ya kutuma barua kupitia kwake kwenda popote duniani. Kuko parameta inayoitwa mynetworks_style inayosaidia kuamua hivyo. Ukiandika host, seva inajiamini yenyewe tu. Ukiandika subnet, inaamini mashine zote zilizo pamoja nayo kwenye kipande kimoja cha mtandao. Kama hukuandika kitu, Postfix inachagua yenyewe: mbele ya toleo 3.0 ilikuwa inachagua subnet. Kuanzia toleo 3.0, la mwaka 2015, inachagua host.

Ukisoma juujuu, unaona ni neno moja tu limebadilika. Lakini angalia inavyokuwa kwa watu. Shirika moja hapa kwetu, sitalitaja jina, lilikodi seva ndogo Ulaya. Fundi wao alichukua makala ya Kifaransa kwenye intaneti, akanakili mistari yote. Kati ya hiyo kulikuwa mynetworks_style = subnet. Kwenye seva ya kukodi, wale wa kipande kimoja cha mtandao na wewe hawako wafanyakazi wenzako. Ni wapangaji wengine wenye humujui hata mmoja. Mashine moja ya jirani iliyoharibiwa na wezi wa mtandao ilianza kupitisha barua za utapeli kwa ile seva. Baada ya siku chache, anwani ya seva iliingia kwenye orodha za watumaji wabaya, na barua za shirika zikaanza kukataliwa. Sekretari alifikiri wafadhili hawajibu. Kumbe barua hazikufika kamwe. Wakati waliponiita, tarehe ya mwisho ya kutuma mradi mmoja ilikuwa imepita.

Nilifanya vitu viwili tu vya kuanzia. Amri postconf -n ilinionyesha ni nini kimeandikwa ndani ya main.cf. Amri postconf -d ilinionyesha Postfix ingechagua nini yenyewe. Nikalinganisha, mstari ule ukatokea. Tuliuondoa, tukaandika wazi mashine za kuaminiwa, kisha tukaomba anwani itolewe kwenye zile orodha. Fundi aliniambia, “Mukubwa, ile makala ilikuwa ya kwanza kabisa niliyoipata kwa Google!” Na ilikuwa kweli. Mwandishi wake hakusema uongo. Siku alipoandika, subnet ilikuwa njia ya kawaida. Shida ni kwamba hakuandika tarehe wala toleo, na hakuna aliyerudi kuitengeneza.

Sasa fungua marejeo ya Postfix kwa parameta ileile. Pembeni ya jina tu, imeandikwa thamani mbili: hii ni ya matoleo kuanzia 3.0, na ile ni ya matoleo ya mbele yake. Hawakufuta ya zamani, juu kuko watu wangali na seva ya zamani. Na kuko jambo lingine: kama main.cf yako imetoka kwa toleo la kale, Postfix mpya inaweza kubaki na tabia ya zamani ili isikuvunjie kazi, na inaandika onyo kwenye kumbukumbu zake mpaka wewe mwenyewe uamue. Parameta yenye inashughulika na hiyo inaitwa compatibility_level, nayo ina maelezo yake.

Ginsi gani maelezo yanabaki sawa na programu miaka yote hiyo? Siri iko mahali yanapokaa. Maelezo ya parameta za Postfix yameandikwa kwenye faili moja, postconf.proto, ndani ya kodi ya programu. Kutoka faili hiyo moja, kurasa za kusoma kwa kivinjari na kurasa za kusoma kwenye terminali zinatengenezwa zote pamoja. Tena, maelezo ya zile programu ndogo ndogo zinazounda Postfix yameandikwa juu kabisa ya faili ileile ya kodi ya C. Anayebadilisha kodi anakutana na maelezo usoni pake. Hawezi kusema hakuyaona. Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari imefungwa pamoja na mali.

Kazi haiishi, juu ya programu haziachi kubadilika. Mwaka 2021, Postfix 3.6 ilibadilisha majina ya parameta kadhaa, mengine ya zamani yakabaki yanafanya kazi. Marejeo yanapaswa kutaja yote mawili, la sivyo mtu anayeona jina la zamani kwenye seva yake atafikiri ni kosa. Mwaka 2020, Exim 4.94 ilianza kukataa jina linaloletwa na mtumaji wa nje litumiwe moja kwa moja kama jina la faili, na hiyo ni kwa usalama. Watu walioandika $local_part kwenye njia ya faili, kama makala nyingi zilivyofundisha, walipandisha toleo na barua zikasimama. Jibu lilikuwa ndani ya marejeo: tumia $local_part_data, yenye imehakikishwa kwanza. Na mwezi wa kwanza wa 2025, Dovecot 2.4 ilibadilisha namna ya kuandika faili yake hivi kwamba ile ya 2.3 haikubaliwi kama ilivyo. Parameta mail_location iligawanywa kuwa nyingine, kama mail_driver na mail_path. Lakini waliongeza kitu kimoja chenye kinanifurahisha: mstari wa kwanza wa faili lazima utaje toleo, dovecot_config_version. Yaani sasa hata faili yako wewe inapaswa kusema ni ya wakati gani.

Mimi mwenyewe ninapokagua ukurasa, nina maswali manne. Kwanza: hii parameta inafanya nini, kwa maneno ambayo mtu mwenye haraka usiku ataelewa? Pili: kama sikuandika kitu, programu itachagua nini? Tatu: tangu toleo gani? Nne: nikikosea hapa, ni nani ataumia? Lile la nne linasahaulika sana. Kusema “inaamini mtandao wa ndani” haitoshi. Sema kwamba majirani wataweza kutuma barua kwa jina lako.

Na sijibu kutoka kichwani. Nasimamisha toleo lile kwenye mashine ya majaribio, naiuliza programu yenyewe, kisha njo naandika. Kumbukumbu ya mtu inachanganya matoleo; programu haichanganyi.

Kuko pia mambo madogo yenye uzito. Katika mifano, usiandike jina la mtandao la mtu wa kweli. Kuko majina yaliyowekwa kando kwa kazi hiyo tangu 1999: example.com, example.net na example.org. Kuko pia anwani za mifano, kama zile zinazoanza na 192.0.2. Ukitumia anwani ya kweli, watu mia watanakili mfano wako bila kubadilisha kitu, na mwenye anwani atapokea takataka zao.

Tuongee kidogo juu ya lugha. Marejeo haya yako kwa Kiingereza, na siye wengi tumesomea Kifaransa. Kutafsiri ni kazi nzuri sana, hata kwa Kiswahili. Lakini tafsiri bila namba ya toleo ni ile makala ya Kifaransa inarudi kwa nguo mpya. Ukitafsiri ukurasa, andika juu yake: hii ni ya Postfix toleo fulani, nimeikagua tarehe fulani. Na kama huna nguvu ya kuirudilia kila mwaka, tafsiri kurasa tatu, usitafsiri thelathini. Kurasa tatu za kweli zinasaidia mtu. Thelathini za zamani zitampoteza, na yeye hatajua kama amepotea.

Sasa kwa wale wanaotaka kuanza. Najua shida ya mega, najua shida ya umeme. Habari njema ni hii: marejeo yanakuja pamoja na programu. Ukiisha kuweka Postfix kwenye Linux yako, andika man 5 postconf. Yote iko pale bila koneksyo, na inalingana na toleo lenye uko nalo mkononi, kitu ambacho Google haiwezi kukuahidi. Soma parameta moja kwa siku. Ijaribu. Mahali utasoma mara mbili bila kuelewa, andika pembeni. Mahali maelezo yanasema hivi na programu inafanya vingine, hapo umepata kazi yako ya kwanza.

Kisha tengeneza rekebisho dogo. Liwe jambo moja tu, sentensi moja ikiwezekana. Eleza toleo uliojaribu, amri uliyoandika, na jibu ulilopata. Litume kwa wenye kutunza programu. Maelezo ya Dovecot, kwa mfano, yako wazi kwenye GitHub. Watakuuliza maswali, pengine watakataa maneno yako na kuchukua maana yake tu. Usikasirike. Wale watu hawajui kama una diploma au hauna, kama uko Bukavu au Berlin. Wanaangalia kama ulichoandika ni kweli.

Na ni pale kuko faida kwetu siye vijana. Kila mtu anatuomba uzoefu wa miaka mitatu, na hakuna anayetupa mahali pa kuupata. Rekebisho lililopokelewa kwenye programu inayotumika duniani linabaki na jina lako na tarehe yake, na mwajiri yeyote anaweza kulifungua na kulisoma. Zaidi ya hayo, mwanafunzi anayejua kutunza marejeo ataandika vizuri pia ya seva ya kwao: nani aliiweka, toleo gani, kwa nini mstari huu uko hapa. Fundi akihama kwenda Goma au Kampala, kazi haisimami.

Mwenye ataanza na parameta moja leo, aandike hapa chini ni ipi na ni toleo gani. Tutaisoma pamoja.