Neno "kumarini" kwenye kifuko cha unga

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, likelemba ikiwa imekwisha na mwenye zamu amefunga pesa zake kwenye pindo la kikwembe, mmoja wetu alitoa mkobani kifuko cha nailoni chenye unga wa kahawia. Alikuwa amekinunua sokoni, kwa muuzaji wa dawa za miti anayezunguka na kipaza sauti. Ndani ya kifuko mlikuwa na kipande cha fotokopi kwa Kifaransa, mstari mmoja umepakwa rangi ya njano: mti huu una kumarini, na kumarini inaua mikrobi na kansa. Muuzaji alikuwa amemwambia kwa kifupi zaidi: "Mama, hii inaponyeshaka kila kitu."

Tungeweza kucheka na kuendelea na mengine. Lakini mama mmoja alikuwa amekwisha kunyoosha mkono ili aonje, naye tangu kuzaa mtoto wake wa mwisho anameza kila jioni kidonge cha kuzuia damu isigande, kwa sababu iliganda kwenye mshipa wa mguu. Na mwingine akasema polepole kwamba mdogo wake ana kivimbe kwenye titi, na huu ni mwezi wa pili anakunywa unga kama huo huo, hajakwenda hospitali. Tukanyamaza. Tukaahidiana kusoma na kuuliza wanaojua, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, karatasi ile haikuwa uongo mtupu. Kumarini ipo kweli, tena katika mimea mingi. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1820 katika mbegu za tonka, mti wa Amerika ya Kusini, na ina harufu tamu kama ya majani yaliyokatwa yakakaukia juani. Ila neno hilo leo si jina la kitu kimoja, ni jina la ukoo. Wataalamu wamekwisha kutambua kumarini zaidi ya 1,300 katika mimea, kuvu na bakteria. Na katika ukoo mkubwa namna hiyo mna watu wa kila tabia: kuna anayetibu, kuna anayechoma ngozi, na kuna anayeua panya.

Huyo wa panya ndiye anayejulikana kuliko wote, na aligunduliwa kwa sababu ya ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walianza kufa kwa kutoka damu. Kidonda kidogo tu, au kukatwa pembe, damu ikaanza kutiririka isikome. Daktari wa mifugo wa Kanada, Frank Schofield, akaona kwamba wote walikuwa wamelishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Februari 1933, mfugaji mmoja wa Wisconsin, Ed Carlson, alipita kwenye dhoruba ya theluji kilomita 300 hivi akiwa na ndama mfu garini, majani aliyokuwa akiwalisha, na bidoni ya maziwa iliyojaa damu isiyotaka kuganda. Alifika mjini Madison kwenye labo ya Karl Paul Link. Ilichukua miaka kadhaa mpaka Link na wenzake kupata jibu: kumarini iliyokuwa ndani ya majani mabichi haikuwa na kosa, bali ukungu ulikuwa umeigeuza ikawa kitu kingine, dikumaroli, kinachozuia damu kuganda. Kutoka hapo wakatengeneza warfarini. Mwaka 1948 ikauzwa kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikakubaliwa kuwa dawa ya binadamu.

Ndiyo, wamama, sumu na dawa ni kitu kimoja, na tofauti ni kipimo. Warfarini na dada yake asenokumaroli ndizo hupewa watu walioganda damu miguuni au mapafuni, na waliowekewa valvu za moyo. Kidonge cha mama yetu kinatoka katika ukoo huo huo. Sasa fikirini anaongeza juu yake kijiko cha unga ambao hakuna ajuaye una kumarini ipi wala kiasi gani. Pengine lisitokee lolote. Pengine damu ianze kutoka ndani, tumboni au kichwani, bila kidonda cha kuonekana.

Hapo tulikaa muda mrefu, kwa maana tuligundua kwamba unga wa sokoni si hatari pekee. Flagyl na Bactrim, ambazo wengi wetu tunanunua kwa vidonge vinne vinne bila karatasi ya daktari, zote mbili zinaongeza nguvu ya warfarini kupita kiasi. Aspirini nayo inaongeza hatari ya kutoka damu. Na kuna sombe! Majani mabichi yetu, sombe, lengalenga, matembele, yana vitamini K kwa wingi, na vitamini K ndiyo inayosaidia damu kuganda (ndiyo ile watoto wachanga wanayochomwa sindano wakizaliwa). Mgonjwa halazimiki kuacha sombe, kwani nani Lubumbashi ataishi kwa bukari tupu? Anatakiwa tu kula kwa kiasi kinachofanana wiki kwa wiki. Ubaya ni kukaa wiki mbili bila majani kisha Jumapili kumaliza sufuria. Kipimo cha damu kiitwacho INR ndicho kinachomwambia daktari kama kidonge kimezidi au kimepungua, na hakifai kurukwa.

Mama anayemeza kidonge hicho akiona fizi zinatoka damu, mkojo mwekundu, kinyesi cheusi kama lami au hedhi isiyokoma, asingoje kesho. Na akikosa hedhi aende kusema siku ile ile, kwa sababu warfarini inaweza kuharibu mimba, hasa miezi ya mwanzo. Jambo hili mama yetu hakuwa amelisikia. Labda aliambiwa siku ya kutoka hospitali, akiwa na mtoto mgongoni na mizigo mkononi, na nani anashika maneno saa hiyo?

Sasa tuje kwenye mikrobi na kansa, maana ndiyo ahadi iliyouza unga.

Kuna antibiotiki ya kweli katika ukoo wa kumarini, inaitwa novobiosini. Inatengenezwa na bakteria wa udongoni, na ilianza kutumiwa miaka ya 1950 dhidi ya stafilokoki, vijidudu vya majipu na vidonda. Inafanya kazi kwa kushika chombo ambacho bakteria hutumia kukunjulia nyuzi za urithi wake, na bila chombo hicho hawezi kuzaliana. Baadaye ikaachwa: vijidudu viliizoea, ilikuwa na madhara, na dawa bora zaidi zilikuwa zimepatikana. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Dana-Farber, kituo cha kansa cha Boston, walionyesha kwamba dawa hiyo hiyo ya zamani inaua, katika seli na katika panya wa labo, vivimbe vyenye kasoro ya BRCA. Ndiyo kasoro inayopita katika familia na kuleta kansa ya titi na ya ovari. Habari hiyo ilitufurahisha kweli. Ila kivimbe cha panya bado si titi la dada yetu.

Mwingine ni metoksaleni, na huyu ana asili ya Afrika. Katika miaka ya 1940 huko Kairo, madaktari waliitoa katika mmea unaoota bonde la Nile, wakawatibu watu wenye mabaka meupe ya ngozi: mgonjwa anapewa dawa, kisha anawekwa kwenye mwanga. Siku hizi hutumiwa pamoja na taa maalumu ya ultravioleti, hata kwa aina moja ya kansa ya chembe nyeupe za damu inayoonekana kwenye ngozi. Kwa hiyo akisema mtu kwamba kumarini haijawahi kuingia katika matibabu ya kansa, amekosea. Lakini inapimwa kwa miligramu, mwanga unapimwa kwa dakika, na matibabu yale yale yakirudiwa miaka mingi yanaongeza hatari ya kansa ya ngozi. Muuzaji wa unga hana mizani wala taa.

Basi ile karatasi ya fotokopi ilitoka wapi? Tunadhani tunajua. Kwenye vyuo vyenye masomo ya farmasia, kikiwemo Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi, mimea ambayo waganga wa miti wanatumia inachunguzwa, na ni kazi nzuri. Uchunguzi wa kwanza ni rahisi: unga wa mmea unalowekwa na kuchujwa, yanatiwa matone ya amonia, halafu maji yanawekwa gizani chini ya taa ya ultravioleti. Yaking'aa buluu au kijani, mwanafunzi anaandika kwenye jedwali: kumarini, alama ya +. Alama hiyo inasema tu kwamba maji yameng'aa. Haisemi ni kumarini ipi kati ya zile 1,300, ni kiasi gani, wala ini la mtoto litaistahimili au la. Mwenye kuuza anachukua mstari huo mmoja, anaupaka njano, anauweka kwenye kifuko. Na "inaua seli za kansa" mara nyingi ina maana ya seli zilizowekwa kwenye kisahani cha labo. Hata javel inaua seli za kansa kwenye kisahani, na sisi tunaosheaga choo.

Hatusemi haya kwa kudharau miti. Bukavu kuna kiwanda cha Pharmakina kinachotoa kwinini katika magome ya mti. Vinkristini, inayotibu watoto wenye kansa ya damu, ilitoka katika ua la Madagascar, lile dogo la waridi ambalo wengine wamelipanda mbele ya nyumba bila kujua. Lakini anayekwenda kutafuna ua hilo atajidhuru, maana lina sumu.

Kumarini nyingine tunazo jikoni, na hizi tuziseme upesi. Ndimu, na seleri tunayotia kwenye mchuzi, zina aina inayofanya ngozi iungue kwa jua. Mtoto akikamua ndimu akaenda kucheza juani, kesho yake au keshokutwa mikono inaweza kutoka malengelenge na kubaki na mistari myeusi wiki nyingi. Mama mmoja wetu aliwahi kumgombeza yaya wa watoto akidhani amemchoma mtoto kwa maji ya moto. Kumbe ndimu. Dawa yake ni kunawa kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

Na mdalasini, kanele, ambao siku hizi unasifiwa kupunguza sukari na tumbo. Uko wa namna mbili. Wa kasia una vijiti vinene, vigumu, vilivyojikunja mkunjo mmoja, nao una kumarini nyingi inayoweza kuumiza ini la baadhi ya watu. Ule wa Sri Lanka, ambao ndio hupandwa pia Zanzibar, una matabaka membamba kama karatasi na unavunjika kwa vidole, kumarini yake ni kidogo sana. Taasisi ya Ujerumani inayochunguza usalama wa vyakula ilishauri mtu mzima wa kilo 60 asizidishe gramu 2 za kasia kila siku, na mtoto wa kilo 15 nusu gramu. Kunyunyizia chai siku moja moja hakuna shida. Kumpa mtoto kijiko kizima kila asubuhi ni jambo jingine. Ukiwa tayari umesagwa huwezi kujua ni upi, kwa hiyo nunueni vijiti.

Mama wa kidonge hakuonja ule unga. Jumanne alikwenda kupimwa INR, ikaonekana imezidi kidogo, wakampunguzia dozi. Alikiri kwamba wiki iliyotangulia alikuwa amemeza Flagyl kwa ajili ya tumbo.

Kwa yule mwenye kivimbe tulikwenda watatu, Alhamisi. Hakutaka kwanza. Alisema unga umemwondolea maumivu, na hatukubishana naye, tulimwomba tu abebe kifuko twende nacho. Daktari alikisoma, hakumkaripia, akamuuliza amekunywa vijiko vingapi na tangu lini, akaandika. Kisha wakachukua kipande cha nyama kwa sindano. Majibu yanachukua wiki mbili, na kulipia kipimo hakukuwa rahisi. Jumamosi hii zamu ya likelemba ilikuwa ya mama mmoja wa Ruashi aliyekuwa akingoja kununua mabati. Alizihesabu pesa, akazirudisha mezani, akasema mvua bado.