Kiboko, Mwani na Samaki: Mzunguko wa Virutubisho katika Ziwa Edward

Katika elimu ya ikolojia, nguvu na virutubisho havisafiri kwa namna moja. Nguvu ya jua huingia katika mimea, hupita kwa wanyama, kisha hupotea kama joto. Haina budi kuletwa upya kila siku. Nitrojeni na fosforasi, kinyume chake, hutoka katika mwili mmoja zikaingia katika mwingine. Swali ni hili: nani huzibeba? Katika Ziwa Edward, mpakani mwa Kongo na Uganda, mbebaji mmojawapo ni kiboko.

Mchana kiboko hukaa majini, akiikinga ngozi yake na jua. Usiku hupanda nchi kavu akala majani, pengine kilo 40, kisha alfajiri hurudi ziwani, ambamo huacha sehemu kubwa ya mavi yake. Hivyo rutuba ya mbugani huingia majini. Bakteria huyaozesha mavi hayo na kuachilia virutubisho. Mwani mdogo usioonekana kwa macho huvinyonya. Tilapia hula mwani. Nao ndege na wavuvi hula tilapia.

Katikati ya miaka ya 1970, Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Ujangili, uliozidi wakati wa vita vya miaka ya 1990, uliwaangamiza: hesabu ya mwaka 2005 haikufikia 1,000. Katika kipindi hicho samaki nao walipungua katika nyavu za Vitshumbi na Kyavinyonge.

Hata hivyo, si haki kulihusisha jambo lote na kiboko. Mito ya Rutshuru na Rwindi nayo huleta rutuba ziwani, na nyavu zenye matundu madogo huvua samaki kabla hawajazaa. Wala mavi mengi si neema kila mahali: katika Mto Mara, maji yanapopungua, uozo wa mavi katika vidimbwi humaliza oksijeni, na mvua inapoyasukuma maji hayo mtoni, samaki hufa. Katika ziwa pana rutuba hiyo hutawanyika.

Kwa hiyo kumlinda kiboko si kazi ya kuwafurahisha watalii peke yao. Jangili auzaye nyama na meno yake huvunja kiungo kimoja cha mnyororo, na hasara yake hufika hata katika chungu cha mvuvi.