Ramani ya mafuriko iliyofutwa nikiwa safarini

Niliporudi Bujumbura mwaka 2023 baada ya miaka minne ya masomo Ulaya, mtu wa kwanza kunidai hakudai fedha. Ni mama mmoja muuza ndagala wa Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, ambaye maji yalimtoa kibandani mwaka 2020. "Mwanangu, ile ramani ya maji uliyoniahidi iko wapi?" Sikuwa nayo.

Niliitengeneza kwenye klasta ya chuo, yaani mamia ya kompyuta zilizounganishwa zikafanya hesabu kama moja. Klasta ina maghala mawili. La kwanza, liitwalo "nyumbani", ni dogo. Langu lilikuwa gigabaiti 50, na nakala yake ilichukuliwa kila usiku. La pili ni kubwa na la kasi, lakini halina nakala. Faili isiyoguswa kwa siku 60 ilifutwa yenyewe, kwa kuwa diski ikijaa kazi za watu wote husimama.

Ninyi wa mpakani mnalijua jambo hili: mzigo ukilala forodhani kupita muda wake, unanadiwa. Mimi niliacha matokeo yote katika ghala la pili, nikafunga mizigo, nikaaga marafiki. Onyo lilitumwa kwa barua pepe ya chuo, nayo ilikwisha kufungwa siku nilipomaliza masomo. Hilo bado linaniuma, ingawa kanuni nilikuwa nimeisoma.

Hata kuwa na nakala si kinga kamili. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ya kuchukua nakala ndiyo iliyofuta faili. Ilibadilishwa ikiwa bado inafanya kazi, na terabaiti zipatazo 77 za watafiti zikapotea. Makundi 14 yaliguswa, na manne kati yao hayakuweza kurudishiwa kazi yao.

Kilichoniokoa ni kidogo. Programu yangu na takwimu za mvua zilikuwa "nyumbani", nami nilikuwa nimezinakili kwenye flashi. Ndugu mmoja aliyebaki masomoni alikubali, kwa ruhusa ya mwalimu wake, kuzirudia hesabu. Zikatoka terabaiti moja, katika faili ndogondogo zaidi ya laki nne. Hapo nikapiga hesabu nyingine: kwa mstari wangu wa megabiti 2 kwa sekunde, mzigo ule ungechukua siku 46, usiku na mchana, umeme usipokatika!

Tukachagua. Maji ya kila saa hayakuwa na haja kwa muuza samaki. Tuliacha ramani za kina cha juu tu, tukazifunga zote katika faili moja ya megabaiti 300. Kabla ya ndugu yangu kufuta chochote kule, tulilinganisha alama ya ukaguzi ya faili yake na ya kwangu, herufi kwa herufi. Zililingana. Kazi nzima ilichukua dakika zipatazo 20.

Niliichapa kwenye karatasi kubwa, nikampelekea mama Gatumba. Hakuuliza habari za klasta. Aliitandika juu ya meza, akatafuta barabara, akaweka kidole mahali anapotaka kujenga kibanda kipya. Palikuwa na rangi ya buluu. Akakisogeza kidole taratibu kuelekea mjini.

"Na hapa, mwanangu?"