Jeni Hazijitambulishi Zenyewe

Kusoma DNA ya mmea mzima ni kazi ambayo zamani ilihitaji miaka mingi na mamilioni ya dola, lakini siku hizi hukamilika kwa muda mfupi na kwa gharama ambayo hata maabara ya wastani huweza kuimudu. Hata hivyo, kinachotoka katika mashine ni mfuatano mrefu wa herufi nne tu, A, T, G na C, ambao hauonyeshi jeni inaanzia wapi, inaishia wapi wala ina kazi gani katika mmea. Kubainisha mipaka ya kila jeni na kueleza protini inayotengenezwa kwa maagizo yake ndiko kunakoitwa ufafanuzi wa jeni, na ingawa sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta, hukumu ya mwisho bado ni ya binadamu aliyefunzwa kutazama na kutilia shaka. Binadamu huyo ndiye aliye adimu.

Mfano wa Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya kabichi ambao ndio wa kwanza kusomwa jenomu yake, yaani jumla ya DNA yake yote, unaonyesha kwa nini kazi hiyo haiishi. Matokeo yalipochapishwa Desemba 2000, watafiti walihesabu jeni 25,498 katika jenomu iliyokadiriwa kuwa na herufi zipatazo milioni 125. Miaka kumi baadaye, toleo lililorekebishwa lilikuwa na jeni 27,416 zinazotengeneza protini, ilhali mmea ulikuwa uleule na kilichobadilika zaidi kilikuwa ufahamu wa wasomaji wake.

Ugumu wenyewe unatokana na jinsi jeni za mimea zilivyoundwa, kwani maagizo ya kutengeneza protini hayakupangwa mfululizo, bali yamegawanyika katika vipande viitwavyo eksoni, na baina yake kuna vipande vingine, introni, ambavyo seli huvikata na kuvitupa kabla ya maagizo kutumika. Introni nyingi huanza kwa herufi GT na kuishia kwa AG, lakini jozi hizo zimetapakaa kila mahali katika DNA, hivyo programu inaweza kukata pasipostahili. Na kwa kuwa herufi za eksoni husomwa tatu tatu, kukosea kwa herufi moja tu huvuruga yote yanayofuata. Katika mahindi, ambayo jenomu yake ilichapishwa mwaka 2009, tatizo huzidi, maana takriban asilimia 85 ya herufi zake ni transposoni, yaani vipande vya DNA vinavyoweza kuhama kutoka sehemu moja ya kromosomu hadi nyingine, ambavyo Barbara McClintock alivigundua katika mahindi hayohayo na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Baadhi ya transposoni hizo zina jeni zake zenyewe, na programu isiyo makini huzihesabu kuwa ni za mmea.

Mwanafunzi anayefundishwa kazi hii huketi mbele ya programu kama Apollo, ambayo hufunguliwa kwa intaneti bila malipo na huwaruhusu watu kadhaa kuhariri jenomu moja kwa pamoja. Juu ya skrini huona umbo la jeni lililopendekezwa na kompyuta, na chini yake mistari ya ushahidi, hasa vipande vya RNA, ambayo ni nakala za jeni zilizokuwa zikitumika katika jani, mzizi au ua la mmea huo. Pengine kompyuta imechora jeni moja ndefu, lakini vipande vya RNA vimejikusanya katika mafungu mawili yasiyounganishwa na kipande hata kimoja, na kila fungu linafanana na protini tofauti ya mpunga. Hapo mwanafunzi hutambua kwamba jeni mbili jirani zimeunganishwa kimakosa, akazitenganisha, akahakikisha kwamba kila moja inaanza kwa ATG na kuishia kwa TAA, TAG au TGA, kisha akaandika sababu za uamuzi wake. Sababu hizo zina thamani kubwa kuliko marekebisho yenyewe, kwa kuwa jina lisilo sahihi likishapewa jeni moja hunakiliwa katika mimea mingine kama uvumi wa sokoni, na baada ya muda hakuna anayejua nani aliyelianzisha.

Katika Cold Spring Harbor, Marekani, mahali alipofanyia kazi McClintock, wanafunzi wamekabidhiwa jeni za mahindi ambazo ulinganisho na mimea mingine ulionyesha kuwa huenda zilifafanuliwa vibaya, wakazirekebisha kwa mkono. Mafunzo ya namna hiyo ni bora kuliko mazoezi ya vitabuni, kwa sababu jibu halijulikani hata kwa mwalimu.

Afrika Mashariki nayo ina sababu zake za kuyataka mafunzo haya. Nairobi ndiyo makao ya mpango wa African Orphan Crops Consortium, ambao umekusudia kusoma jenomu za mimea 101 ya chakula iliyopuuzwa na watafiti, na ambao tangu 2013 umekuwa ukiwafunza wataalamu wa Kiafrika wa kuzalisha mbegu. Mwaka 2023, watafiti wakiongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliyoko jijini humo walichapisha jenomu bora ya fiwi, ambayo Wakenya wengi huiita njahi, wakiwa wamebainisha jeni zaidi ya 30,000. Mengi ya maelezo ya jeni kama hizo hukisiwa kwa kuzilinganisha na mimea iliyochunguzwa kwingineko, na ni vigumu kuamini kwamba mtu asiyeijua fiwi shambani atakuwa mwepesi wa kutilia shaka makisio hayo.

Idara za botania katika vyuo vikuu vya eneo hili hazina haja ya kusubiri maabara mpya. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na apewe jeni moja ya zao la kwao, kompyuta yenye intaneti na mwalimu wa kumhoji kuhusu kila mpaka aliouweka.